Nilichuja watu kwa nchi zao, nikapigwa na yule niliyemwamini

Kama unataka kumpa kazi mtu wa nchi nyingine akufanyie mtandaoni na unaogopa kupigwa, yaani kutapeliwa hela, naomba usome hii mpaka mwisho, manake mimi nimepigwa na pia nimemkosea mtu ambaye hakua na kosa lolote, na yote mawili yametokana na tabia ileile.

Nilikua na websaiti ya kuuza kozi za video, fomu ya malipo inasumbua na wateja wanalalamika kila siku. Nikaenda kwenye platifomu ya mafrilansa, yaani watu wanaojitegemea na kufanya kazi mojamoja kwa wateja, nikaweka tangazo, baada ya masaa machache maombi yalikua zaidi ya 40. Kabla sijasoma hata moja nikaweka filta ya nchi. India toa, Pakistan toa, Bangladesh toa, Nigeria toa. Nilishasoma sana watu wakisema hao wanakopi na kupesti tu, wanakubali kila kitu halafu hawafanyi, na kumbuka sikuwahi kufanya kazi na hata mmoja wao. Walibaki watu 6 nikamchukua aliyejiandika yuko Marekani, picha safi, kingereza kimenyooka, bei yake juu kuliko wote na mimi nikaamini bei juu ndo ubora.

Siku ya tatu akasema tutoke kwenye platifomu tumalizane pembeni ili tukwepe makato. Angekua ametoka kwenye zile nchi nilizozitoa ningekimbia hapohapo. Ila kwa huyu nikaona ni mtu anayejua biashara, nikamtumia nusu ya hela moja kwa moja. Nikiomba tuongee kwa video kamera mbovu, nikiuliza kazi imefika wapi naambiwa kesho, mwisho akaacha kabisa kujibu. Kulalamika nikaambiwa hela iliyolipwa nje ya mfumo hailindwi, na kweli kwenye masharti imeandikwa, ni mimi sikusoma. Baadae ndo nikaja kujua kuna watu wanakodisha na kuuza akaunti, profaili inasema New York na anayechati na wewe yuko kwingine kabisa, kwa hiyo ile filta yangu ilikua inachuja maandishi, haichuji watu.

Nikarudisha tangazo bila filta, safari hii nikasema nitasoma ujumbe kwanza ndo niangalie nchi. Kuna mmoja aliandika mistari mitano tu, kingereza cha kuungaunga, lakini alikua ameingia kwenye websaiti yangu akaona mteja akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili oda inaingia mara mbili. Wengine wote walijisifia miaka yao ya uzoefu, huyu peke yake ndo alikua ameangalia kazi yenyewe. Kuangalia nchi, Bangladesh. Nikampa kipande kidogo cha kulipwa, arekebishe hicho kitufe tu, akamaliza siku hiyohiyo na akaniandikia amebadilisha nini na kwa nini.

Hili la kipande kidogo nasisitiza sana na tafadhali kilipe. Jaribio la bure linakuletea watu wenye shida au wasio na kazi, wale wazuri hawana muda nalo. Halafu kazi kubwa igawe hatua kwa hatua, hela ya kila hatua ikae kwenye eskro ya platifomu, yaani wewe umeshaiweka lakini yeye haipati mpaka uone kazi. Kwa mfano Upwork, moja ya hizo platifomu, kazi ya bei mliyokubaliana mwanzoni ikishawasilishwa una siku 14 za kuikagua, ukikaa kimya hela inaenda yenyewe, kwa hiyo na wewe uwe mtu wa kukagua. Na usimpe mtu yeyote paswedi yako kuu, hata awe ametoka wapi, mfungulie akaunti yake yenye mipaka na kazi ikiisha unaifunga.

Kuna watafiti waliwahi kuangalia data za oDesk (ile iliyoungana na Elance, mwaka 2015 ikawa Upwork) wakaona rekodi ya kazi iliyothibitishwa na platifomu inawasaidia zaidi waombaji wa nchi maskini kuliko wa nchi tajiri. Mimi naielewa hivi, yule wa nchi tajiri tunamwamini bure tu, huyu mwingine anahitaji ushahidi ndo tumsikilize. Kwa hiyo soma hiyo rekodi, na usiishie kwenye nyota alizopewa na wateja, soma wateja waliandika nini na kama kuna aliyerudi kumpa kazi mara ya pili.

Sasa sehemu inayoniuma. Na yule wa Bangladesh tulishafanya kazi vizuri miezi kadhaa, nikamwamini mpaka nikamlipa hatua moja kabla hajaimaliza. Julai 2024 akanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mesej haisomwi. Nikamwandikia maneno makali, nikamwita mwizi, nikaandika kabisa kwamba nilionywa kuhusu watu wa kwenu. Kumbe Bangladesh nzima intaneti ilikua imezimwa tangu tarehe 18 wakati wa maandamano ya wanafunzi, ya majumbani ikaanza kurudi tarehe 23 na ya simu tarehe 28. Habari ilikua kila mahali, mimi sikutafuta hata dakika moja, nikaenda moja kwa moja kwenye wizi. Alivyorudi hewani akajibu kwa upole, akaomba radhi kwa kuchelewa, na kazi akaiambatanisha hapohapo. Lile neno la watu wa kwenu hakuligusa kabisa. Nilimwomba msamaha na akasema yameisha, lakini ilichukua muda sana kabla hajaanza tena kuniambia wazi pale ninapokosea.

Na hiyo ya kuambiwa wazi ina thamani kubwa. Watu wanalalamika eti frilansa wa Asia anasema ndio kwa kila kitu, sasa wewe ukiuliza "umeelewa?" unategemea ajibu nini na nyota zake umezishika mkononi? Mimi siku hizi nasema nieleze utaanzia wapi, na kipi kwenye maelezo yangu hakijakaa sawa. Akikosa cha kusema hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi, awe Mjerumani awe Mpakistani.

Hata sifa nzuri za jumla zina madhara, ile ya Wahindi wote wanajua kompyuta, Wafilipino wote wapole na hawachoki. Ukishaamini hivyo hukagui kazi, au unampigia mtu simu usiku wa manane kwake kwa sababu eti hachoki.

Kwa sasa nikianza na mtu mpya tunaongea mapema intaneti ikikatika tutajuanaje, sikukuu zake ni lini, saa ngapi asisumbuliwe. Na mimi namwambia malipo yangu yakichelewa amwandikie nani, manake na yeye hanijui, na kashasikia mengi kuhusu wateja wanaochukua kazi na kutokomea.