Neno "clove": karafuu, kitunguu thomu na fundo la kamba

Nimekulia Pemba, kwenye jamvi la karafuu. Msimu ukiingia, nyumba nzima tulikaa usiku kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vikawa vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni. Kwa hiyo niliposoma skuli kwamba karafuu kwa Kiingereza ni clove, neno lile nililipokea kama la nyumbani. Sikulitilia shaka hata siku moja.

Likanitia hasarani nilipopata kazi jikoni katika hoteli moja ya Unguja. Mpishi mkuu, mtu mzima, alinipa karatasi ya mapishi nimsomee. Mchuzi wa samaki: cloves 8, zipondwe.

"Karafuu nane, mzee, zilizopondwa."

Akaniangalia. "Nane, mwanangu? Kwa samaki mmoja?"

Nikamhakikishia. Sahani ilirudi imeliwa tonge moja tu, na aliyesemwa mbele ya watu ni yeye, si mimi. Liliniuma sana jambo lile, na ndilo linalonifanya niwaandikie nyinyi vijana mnaotembeza wageni mashambani na mnaofanya kazi mahotelini.

Karatasi ilitaka punje nane za kitunguu thomu. Kiingereza kina clove ya karafuu na clove ya thomu, na hazina udugu wowote.

Ile ya karafuu imetokana na Kifaransa cha kale, clou de girofle. Clou ni msumari, kutoka Kilatini clavus. Chukua karafuu moja kavu uiweke kiganjani: mguu mwembamba, na juu yake kichwa cha duara kilichoshikwa na meno manne. Ni msumari wa jahazi khasa, ule wa kufuliwa kwa mkono. Waholanzi nao huiita kruidnagel, msumari wa kiungo, na Waajemi mikhak, yaani kimsumari. Sisi yetu tumeipata kwa Waarabu, qaranful.

Ile ya thomu ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani, clufu, jamaa wa cleave, kupasua. Kichwa cha thomu hupasuka vipande vipande, basi kila kipande kikaitwa hivyo.

Iko na clove hitch, fundo la mabaharia. Kamba huzungushwa mara mbili kwenye mti, ncha ikapita chini ya mzunguko wa mwisho. Ukitazama unaona kamba mbili zimelala pamoja kama moja iliyopasuliwa. Hilo ni la ukoo wa thomu. Zamani Uingereza palikuwa pia na uzani wa jina hilo, wa sufu na jibini, ratili 7 au 8, nao unarudi kwa clavus. Huo hutakutana nao jikoni.

Sasa, fungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Utakuta clove imeandikwa zaidi ya mara moja, kila moja na tarakimu ndogo juu yake. Tarakimu hizo zinakwambia kwamba haya ni maneno mbalimbali yaliyokutana sura tu. Wengi wetu husoma la kwanza tukafunga kitabu, nami ndivyo nilivyokuwa.

Kiswahili kinatusaidia kwa ngeli: kaa amenibana, kaa limeniunguza, hakuna anayechanganya. Kiingereza hakina msaada huo, kwa hiyo tazama majirani wa neno. Ukiona peeled, ni thomu, maana nani anamenya karafuu? Ukiona ground, ni karafuu iliyosagwa. Crushed ndiyo ya hatari, hapo uliza kabla ya kutia chunguni. Na idadi ikikushtua, kama ilivyomshtua mzee wangu, simama. Aliijua karafuu kuliko mimi nilivyokijua Kiingereza.

Na unapomshikisha mgeni karafuu shambani, mpe habari ya msumari. Wengi wamelitamka neno hilo tangu utotoni bila kujua limebeba nini.

Yule mzee nilimrudia baada ya kuyajua haya, nikamwomba radhi na kumweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karafuu moja kwenye mkebe, akaisimamisha mezani kichwa juu, akaigonga polepole kwa kidole.

"Kumbe," akasema.