Maswali ya bahari: redio kwenye boti ya Jumamosi

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu wenye boti zao binafsi: wanaotoka kuvua mshipi siku za mapumziko, wanaopeleka familia Msimbati, wanaozunguka magofu ya Kilwa na wageni wao. Nimechagua yanayohusu kuomba msaada, kwa sababu hapo ndipo naona uzembe mkubwa.

Shikamoo nahodha. Nina faiba ya mita 6, siifanyii biashara, naendea kuvua na rafiki zangu. Je, nalazimika kuwa na redio ya dharura? (Shangani, Mtwara)

Marahaba. Mkataba wa kimataifa unaodai redio hizo, SOLAS, unahusu meli za abiria, na za mizigo kuanzia tani 300, zinazosafiri baina ya nchi na nchi. Boti ya matembezi isiyofanya biashara haimo. Hata Uingereza na Marekani hawamdai mwenye boti ndogo ya kwake mwenyewe. Masharti ya hapa nyumbani nenda kaulize TASAC, wanaosimamia usafiri wa majini, na kibali cha kutumia masafa ya redio ni TCRA, wasimamizi wa mawasiliano. Ila siku utakayoanza kupokea nauli, hata ukiiita mchango wa mafuta, boti imekuwa ya abiria na ukaguzi wake ni mwingine kabisa.

Sasa nikuulize na mimi. Mashine ikizimika nje ya mwamba wa Msangamkuu, utamwita nani, na kwa kitu gani? Maji yetu ya kusini si ya kuchezea. Ukishauvuka mwamba kina kinashuka ghafla. Nanga yenye kamba ya mita 30 inaning'inia tu. Na mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu zaidi wakati wa kusi kwa kuwa upepo unausukuma. Mashine ikigoma saa tatu asubuhi, hutakuwa palepale saa sita. Utakuwa unaelekea usawa wa Lindi, na kila saa unazidi kuachana na mahali ulipoaga kwamba unakwenda. Kwa hiyo SOLAS haikulazimishi. Mimi nasema usitoke bila redio.

Kwani simu haitoshi? Siku hizi mtandao unashika mpaka baharini. (Wasomaji sita, kutoka Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje)

Haitoshi. Nimelijibu hili mara nyingi na bado linarudi, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu, na yeyote atakayeliuliza tena nitamrudisha hapa.

Mwaka juzi mwezi wa saba tulikuwa wanne kwenye boti. Maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mwenzetu mmoja alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki, mikono yake imelowa maji ya chumvi, na kioo kikakataa kidole. Akakifuta kwa shati. Shati nalo limelowa. Nilimtazama akibonyeza tarakimu ileile mara saba, nane, boti ikiwa imelala ubavu kwa mawimbi na mdogo wetu ameanza kutapika. Kioo kilipokubali, akampata shemeji yake akiwa sokoni. Shemeji anatupenda, lakini hana boti, hamjui mwenye boti, na hakuelewa tuko wapi. Kisha chaji ikaisha.

Redio ya mkononi ya wati 5 nilikuwa nimeifunga kifuani. Niliita chaneli 16, ile ya kuitana na kuomba msaada baharini. Aliyejibu hatukuwa tukifahamiana: nahodha wa boti iliyokuwa imetoka Mikindani, na kwa macho alikuwa anatuona kama kidoa tu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametufungia kamba.

Tofauti ndiyo hiyo. Simu inamtafuta mtu mmoja, ambaye huenda yuko mbali nawe kuliko wote. Redio inasikika kwa kila aliyefungua chaneli 16 karibu yako, na aliye karibu ndiye mwenye uwezo wa kukufikia. Meli kubwa zinazopita na zile zinazosubiri kuingia bandari ya Mtwara zinatakiwa kuisikiliza chaneli hiyo muda wote zikiwa baharini. Simu ichukue pia, kwenye mfuko usiopitisha maji. Usiihesabu kuwa redio.

Kariakoo kuna redio za mkononi kama za walinzi, bei nafuu. Nichukue mbili? (Lindi)

Usichukue hata moja. Nyingi hazina masafa ya baharini, na zikiloa zimekufa. Nunua ya VHF ya baharini, isiyoingia maji, na ikiwezekana inayoelea.

Muuzaji kaniambia redio hii ya mkononi inafika kilomita 50. Kweli? (Kilwa Masoko)

Kakudanganya, na ningependa umrudishie maneno haya. Mawimbi ya VHF yanakwenda kama jicho: upeo wa bahari ukikatika, nayo yanakatika. Watu wawili waliokaa kwenye boti ndogo, kila mmoja na redio yake mkononi, watasikilizana kama kilomita 8. Ukiita meli ambayo antena yake iko juu mita 25, unaweza kufika kilomita 20 hivi, bahari ikiwa tulivu. Kinachoongeza umbali ni urefu wa antena kuliko ukubwa wa wati. Kwa hiyo ukiwa taabani simama, ikiwa boti inaruhusu kusimama, na uinue redio wima. Anayekwenda Songosongo mara kwa mara afunge redio ya wati 25 yenye antena juu ya mlingoti, na ya mkononi abaki nayo mwilini. Boti ikipinduka, ile ya kufungwa inazama na batri yake.

Na jamani, mwilini maana yake mwilini. Nimekagua boti za marafiki nikakuta redio chini ya sitaha ya mbele, imefungiwa pamoja na majaketi okozi, juu yake madumu ya mafuta. Hivyo vyote havipo kwenye boti hiyo.

Redio yangu mpya ina kitufe chekundu chenye kifuniko. Nikikibonyeza nini kinatokea? (Mtwara)

Pengine hakuna kitakachotokea, na hilo ndilo linalonitisha. Kitufe hicho hurusha wito wa dharura kwa chaneli 70, ukiwa na namba ya boti yako na mahali ulipo. Lakini lazima redio iwe imeingizwa namba ya MMSI, yaani ya kuitambulisha boti yako, tarakimu tisa, za kwetu zinaanza na 674 au 677, na ipate GPS. Ikitoka dukani haina namba. Watu wanatembea na kitufe kitupu miaka miwili wakijiona salama. Shughulikia namba wiki hii, kabla ya safari nyingine.

Nimeletewa EPIRB, kile kifaa cha kuwaita waokoaji kwa setilaiti, iliyotumika kutoka Dubai. Nitaitegemea? (Kilwa)

Angalia mambo mawili. Kwanza masafa: lazima iwe ya megahezi 406. Zile za 121.5 pekee setilaiti ziliacha kuzisikiliza tangu Februari 1, 2009. Pili, usajili. Ndani kuna namba ya nchi na ya mwenye chombo wa zamani, kwa hiyo ukiiwasha wewe mbele ya Songo Mnara, waokoaji watampigia simu mtu wa kule, naye atawaambia boti yake imefungwa gatini salama. Ibadilishwe namba na isajiliwe upya. Na usome tarehe ya mwisho ya batri iliyoandikwa ubavuni.

Mwanangu anaijaribu redio kwa kuita Mayday halafu anacheka. Kuna ubaya? (Mikindani)

Mnyang'anye redio leo. Mayday ni neno la kuomba kuokolewa, na kuna watu watakaoacha kazi zao na kuwasha mashine kwa ajili yake.

Mimi Kiingereza sijui. Nikiita kwa Kiswahili nitaeleweka? (Msimbati)

Nimefurahi umeuliza, maana wengi wanaona haya na kwa haya hiyo hawanunui redio. Boti nyingi zilizo karibu yako zina Waswahili wenzako, kwa hiyo ita kwa Kiswahili bila wasiwasi. Mayday lenyewe limetoka kwenye matamshi ya Kifaransa ya "nisaidieni". Litamke mara tatu, mtu wa taifa lolote atashtuka. Kisha jina la boti mara tatu, mahali ulipo, kilichokupata, na watu wangapi mmo. Uachie kitufe, usikilize. Kwa ajili ya meli za kigeni jifunze kuhesabu kwa Kiingereza moja hadi tisa na sifuri, ili usome namba za GPS. Ukiwa maji ya Mtwara zinaanza karibu na 10 kusini na 40 mashariki, zinazobaki unazisoma kwenye kioo. Yaandike haya kwa rangi kwenye ubao ulio jirani na usukani. Mtu akiogopa husahau hata jina la boti yake.

Mume wangu hutoka kuvua kila Jumamosi na hasemi atarudi saa ngapi. Akichelewa nifanye nini? (Lindi)

Dada yangu, usimruhusu kutoka bila kukuachia karatasi: anakwenda upande gani, wako wangapi, boti ina rangi gani, redio anayo au hana, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, mwite. Zikipita saa mbili hujampata, nenda kwa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa fukwe na uvuvi, ya pwani yenu, polisi na ofisi ya bandari ukiwa na karatasi mkononi. Usingoje magharibi. Giza likishaingia hakuna anayekiona kichwa cha mtu majini. Akikuuliza nani kakufundisha, mwambie ni mimi, na kama ana la kusema aniandikie.