Mpangaji wangu kapigwa na mteja wake. Nimfukuze?

*Shangazi, shikamoo. Nina nyumba ya kupangisha, vyumba sita, nami naishi humohumo na mume wangu. Mpangaji wa chumba cha mwisho ni dada anayejiuza. Hakuwahi kuniambia, lakini nyumba ya kupanga haina siri. Kodi analipa kwa wakati na hanisumbui. Juzi alfajiri alirudi mdomo umepasuka, shingo ina alama za vidole, hata maji hayamezeki. Mteja alikataa kulipa, akamkaba na kumwingilia kwa nguvu. Alikwenda polisi, askari wa zamu akamuuliza, "Wewe nawe unabakwaje?" Wenzake wakacheka, akaondoka. Mume wangu anasema aliyataka mwenyewe. Wapangaji wengine wanataka nimfukuze, na wameniambia ile taa ya uchochoroni iliyoungua nisiibadilishe, giza litamhamisha lenyewe. Namhurumia, lakini nikimtetea si nitaonekana nahalalisha umalaya? Nifanyeje?*

*Mama Mwenye Nyumba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuisubirisha hadi gazeti litoke. Nilikujibu siku ileile, kwa sababu kuna saa zilizokuwa zinahesabika. Narudia hapa kwa ajili ya msomaji ambaye mlango wake utagongwa kesho.

Nimekuwa muuguzi wa mapokezi ya dharura kwa miaka 26, nyingi zikiwa zamu za usiku. Katika barua yako yote, kilichonishtua kwanza ni hayo maji yasiyomezeka. Mtu aliyekabwa koo anaweza kusimama, kuongea, hata kutania, kumbe ndani koo linavimba au mshipa wa damu wa shingo umejeruhiwa, na hali ikageuka saa kadhaa baadaye au hata siku kadhaa. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa shida, vidoa vyekundu vikionekana kwenye weupe wa macho, au akikwambia alipoteza fahamu japo kidogo, hapo hakuna kungoja kupambazuke. Hospitali, sasa hivi.

La pili ni saa 72. Dawa za kujikinga na VVU baada ya kubakwa huanzwa ndani ya muda huo, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina hadi siku 5, navyo kuviwahi ndiyo nguvu yake. Asioge kabla ya kupimwa, kama anaweza kuvumilia. Najua ninaomba jambo zito, maana mwili wote unadai maji. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Na kama ameshaoga na kufua, aende vivyo hivyo. Sijawahi kumrudisha mtu kwa kuwa alioga.

Kuna mmoja niliyempoteza kwa sababu nyingine. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Alikuja msichana ameshika taya, na wote pale tulimjua, kwani alikuwa akisimama usiku barabara ya jirani. Sikumtukana. Nilimwambia akae kwenye benchi, nikaendelea na hao niliowaita wagonjwa. Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Jina lake sikuwa nimeliandika hata kwenye daftari. Kwa hiyo huyo askari wa zamu simwoni kama kiumbe wa ajabu. Namfahamu vizuri.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Robert Pickton, mfugaji wa nguruwe wa karibu na Vancouver, Kanada. Mwaka 1997 mwanamke mmoja aliyekuwa akijiuza alitoroka shambani kwake na majeraha ya kisu, pingu ikining'inia mkononi. Pickton naye alikuwa amejeruhiwa, na ufunguo uliokutwa mfukoni mwake ndio uliofungua pingu ile. Ushahidi gani tena? Mwaka 1998 mashtaka yakaachwa. Waendesha mashtaka walimwona mwanamke yule shahidi asiyetegemeka kwa kuwa alikuwa akitumia dawa za kulevya. Nguo na buti za Pickton zilizochukuliwa usiku ule zilikaa stoo ya polisi hadi 2004 ndipo zikapimwa, zikakutwa na vinasaba vya wanawake waliokuwa wamepotea. Kufikia wakati huo alishakamatwa, tangu 2002, na shambani kwake walikuwa wamepata mabaki au vinasaba vya makumi ya wanawake. Ndugu zao walikuwa wakienda kuripoti kwa miaka, wakiambiwa watu wa namna ile huhamahama.

Na muuaji mwenyewe anaweza kukueleza kwa nini anachagua hao. Gary Ridgway wa jimbo la Washington, Marekani, alikiri mauaji 48 mahakamani Novemba 2003. Maelezo yake aliyoyatia saini yanasema aliwachukua makahaba kwa kuwa ilikuwa rahisi, alijua hawataripotiwa mapema kwamba wamepotea, na aliamini angeweza kuua wengi apendavyo bila kukamatwa. Tarehe 17 Desemba ya mwaka huohuo watu wakakusanyika kuwakumbuka waliouawa, na tangu hapo tarehe hiyo ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya watu wa kazi hii.

Ona alichokitegemea: kwamba hakuna atakayeuliza. Nawe unaniuliza kama umfukuze. Ukimfukuza, aliyemkaba ataendelea na shughuli zake, na yeye atahamia mahali ambapo hakuna hata mama mwenye nyumba wa kugundua kwamba hajarudi. Wapangaji wanasema ataleta balaa. Balaa alilifanya mwanamume ambaye hakuna hata mmoja wao aliyeuliza anafananaje.

Mume wako sitaki kumgombeza gazetini, yawezekana analisoma. Mwulize tu: dereva wa teksi humpakia mtu asiyemjua, usiku, kwa ajili ya pesa. Akikabwa na abiria, kayataka? Kukubaliana jambo moja na mtu si kumkabidhi mwili mzima afanye atakavyo. Na asipolipa akatumia nguvu, hilo si deni, ni ubakaji.

Kuhusu polisi: muulize kwanza dada mwenyewe, kesi ni yake na hofu ni yake. Akikubali, msirudi kwa askari yuleyule. Ombeni mkuu wa kituo, au askari wa kike anayeshughulikia ukatili wa kijinsia kama yupo, nawe ukae kiti cha pembeni. Nimeona lugha ya askari inavyonyooka akiona kuna shahidi mwenye nyumba na mwenye jina. Mwandike kabla hajasahau: gari la rangi gani, namba hata nusu, harufu, kovu, lafudhi, alichosema. Hawa kina dada hufanya hivyo wao kwa wao; mmoja akipanda gari mwenzake hukariri namba. Huko Melbourne, miaka ya 1980, walianza kuchapa orodha ya wateja wakatili na kupeana. Na polisi wa Merseyside, Uingereza, tangu 2006 huyahesabu mashambulizi dhidi yao kuwa uhalifu wa chuki, yaani kesi nzito. Uamuzi ule ulitoka kwa polisi wenyewe, hawakungoja bunge.

Juu ya sheria wasomaji wangu hugombana kila ninapoligusa, na mtagombana tena. New Zealand iliacha kuwaadhibu mwaka 2003. Sweden tangu 1999 humwadhibu mnunuzi. Mimi si mwanasheria. Ninachokijua ni cha dirisha la mapokezi: mwanamke anayeogopa kukamatwa huja hospitali akiwa amechelewa, hudanganya kwamba ameanguka ngazi, na hataji aliyempiga. Hofu hiyo mpigaji anaijua kuliko sisi.

Unahofia utaonekana unahalalisha. Nimewafunga bendeji wezi, walevi, na mchungaji mmoja aliyeanguka dirishani mwa nyumba ambayo haikuwa yake, na hakuna aliyeniambia nahalalisha kitu. Kama huipendi kazi yake, una haki, tena siku nyingine akiwa mzima unaweza kumwambia. Wiki hii mpelekee maji, umuulize kama anameza.

Na ile balbu, weka leo. Uchochoro ule mnapita wote.