Mwanangu, kwa nini sikupika pilau usiku wa tarehe 24

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeisoma nimesimama hapa jikoni, unaniuliza mama kwa nini miaka yote tuliyokaa Bergen, huku Norwei, hukutupikia pilau mkesha wa Krismasi, kila mwaka mbavu za kondoo za chumvi kama kina fulani, na sasa unaalika watu kwako Oslo kwa mara ya kwanza hujui uweke nini mezani. Nilitaka nikupigie nikaona hapana, hili bora niliandike.

Mwaka niliofika nilikuwa na mimba yako. Desemba ya Bergen unaijua, jua linatoka saa nne kasoro linazama saa tisa na nusu, na mvua juu yake. Nilikuwa na bizari ya pilau mama yangu alinifungia kutoka Tanga, naitunza kama dhahabu naisubiri hiyo siku. Basi tarehe 23 mchana bibi yako, mama wa baba yako, akaja na mfuko, akatoa mbavu zimekauka ngumu kama kuni, akaziweka kwenye beseni la maji baridi, akaniambia zinalala humo hadi kesho. Nikainamia lile beseni nikanyamaza. Yaani nilimuona bibi yangu mimi, anavyoloweka papa mkavu usiku kucha chumvi itoke, asubuhi anamwaga maji ndio anamtia kwenye nazi.

Nikamuuliza, akanieleza taratibu maana Kinorwei changu kilikuwa bado. Huku magharibi zamani kondoo walichinjwa vuli kabla baridi haijakaza, kwasababu majani hayatoshi kulisha mifugo yote mpaka jua lirudi, nyama ikatiwa chumvi ikaning'inizwa ikauke, sehemu nyingine wakaifukiza moshi kwanza, alafu Krismasi ndio inashushwa. Hiyo ndio pinnekjøtt, chakula cha watu waliokuwa wanahesabu akiba. Huko mashariki kwa wakwe zako ni ribbe, nguruwe na ngozi yake iliyokauka inavunjika mdomoni, na kuna wanaokula samaki, chewa mbichi au lutefisk, yule samaki mkavu anayelowekwa kwenye maji ya magadi makali mpaka analainika kama jeli. Huyo sikumpenda, sitakudanganya, lakini namheshimu.

Kesho yake kabla ya kula akanichukua makaburini tukamuwashie babu yako mshumaa. Kulikuwa na giza, mishumaa mamia inawaka kwenye mvua, watu wanasalimiana kwa sauti ya chini, na saa kumi na moja jioni kengele za makanisa zikaanza kulia mji mzima, ndio Krismasi imeingia. Tuliporudi akanipa zile fito za mti wa bjørk zilizomenywa magome, akasema panga wewe. Hakuongeza neno. Nikazipanga chini ya sufuria kama chanja, maji kidogo yasizidi fito, mbavu juu. Mwanamke yule alikuwa na usiku mmoja kwa mwaka anaotaka watu wake wote wale alichokula mama yake, na usiku ule akanihesabu na mimi.

Ndio maana sikuweka pilau. Najua unachowaza, kwamba nilikuwa naona haya chakula cha kwetu, na hilo limeniuma kidogo mwanangu. Pilau ilikuwa tarehe 26 siku ya kutembeleana, umesahau? Bibi yako alikuwa anakaa karibu kabisa na sufuria anasubiri ukoko. Na mwaka aliponifundisha kupika fattigmann, maana yake maskini, akafungua kikopo cha iliki, unga anaukata vipande anavikaanga kwenye mafuta, nikamwambia mama hivi si kama visheti vyetu! Tukacheka tukaunguza sinia zima. Ule uji wa mchele wa maziwa na lozi moja iliyofichwa ndani nakuachia wewe, ulikuwa unaipata kila mwaka na sasa nikuambie, nilikuwa naisukumia kwenye bakuli lako ili ushinde kinguruwe cha marzipani.

Sasa nini upike. Mwenzako atataka ribbe ya kwao, mpe, weka vyote viwili, watu hula hivyo siku hizi. Mbavu za kondoo nunua kama gramu 400 kwa kila mtu maana mifupa ni mingi. Loweka tarehe 23 asubuhi, saa 24 mpaka 30 zinatosha, badilisha maji mara moja au mbili. Fito wanauza madukani. Mvuke masaa matatu moto mdogo, usiache sufuria ikauke, chungulia na ongeza maji kidogo kidogo, nyama iwe inajivua yenyewe kwenye mfupa. Ile kålrabi, mzizi mnene kama turnipu, chemsha iponde, tia siagi na krimu, alafu chota ule mchuzi ulioko chini ya fito uchanganye humo. Hapo ndipo ladha yote ilipo, bibi yako mchuzi huo hakuumwaga hata tone.

Kabla hujakaa mezani washa mshumaa mmoja dirishani kwa ajili ya bibi yako, kaburi liko mbali na wewe, mimi ntaenda huku.

Bizari nimeshasaga, nakutumia kwa posta wiki ijayo. Hiyo ni ya tarehe 26.

Mama