Ben Nevis alfajiri, peke yako: panga kushuka kabla ya kupanda

Ben Nevis, mlima wa Scotland, una mita 1,345 tu. Mkazi wa Arusha analala juu kidogo ya kilele hicho, wa Nairobi juu zaidi, na ndiyo maana Waswahili wengi wanaoishi Uingereza huudharau. Ni kweli, hutaugua kwa kukosa hewa. Lakini safari inaanzia karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo mita hizo karibu zote utazipanda kwa miguu yako, na kule juu mvua na theluji huzidi milimita 4,000 kwa mwaka. Geti hakuna, kiingilio hakuna. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji. Scotland, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inakuruhusu kuingia mlimani saa yoyote, na hatatokea mtu wa kukuambia geuza.

Muda uhesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia macheo. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka kituo cha wageni cha Glen Nevis hadi kileleni ni kilomita 8 na ushei, hivyo jumla inakaribia saa nne. Weka nusu saa zaidi kwa ajili ya giza na kupumzika. Katikati ya Juni jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, kwa hiyo unaondoka saa sita usiku. Baada ya tarehe 20 Septemba jua hutoka saa moja na dakika kadhaa asubuhi; ondoka saa nane na nusu usiku. Septemba ni bora: usubi wamepungua na theluji ya msimu uliopita kwa kawaida imekwisha. Njia hii juu huwa na theluji hata Mei, na hapo unahitaji shoka la barafu, kramponi (meno ya chuma ya kufunga viatuni) na ujuzi wa kuvitumia. Usijifunzie huko ukiwa peke yako.

Jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa MWIS, ule wa milimani, si wa mji wa Fort William. Tazama upepo wa kileleni, uwezekano wa vilele kuwa nje ya mawingu, na kimo ambacho maji yanaanza kuganda. Upepo ukifikia kilomita 65 kwa saa, kutembea kunakuwa kazi ngumu na mtu huyumba, ahirisha. Joto hupungua takriban nyuzi 1 kila mita 100 au 150, kwa hiyo bonde likiwa na nyuzi 10, kileleni unaweza kukuta karibu na sifuri, na upepo juu yake.

Ndiyo maana jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani: zikilowa hazikauki, zinanyonya joto la mwili. Vaa sufu au nguo ya mazoezi, halafu sweta la flisi, koti na suruali visivyopitisha maji. Glavu beba jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa. Tochi ya kichwani ichukuliwe na betri za akiba, au tochi ya pili kabisa, maana kubadilisha betri gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi ni mtihani. Ongeza maji lita moja na nusu, chai ya moto kwenye chupa, chakula kisichohitaji kuandaliwa, filimbi, mfuko wa dharura wa kujifunika, dira, na ramani ya karatasi (Explorer 392 inatosha). Simu iweke mfuko wa ndani. Baridi hufyonza chaji.

Njia yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya kituo cha hali ya hewa cha kileleni, ni pana na ya mawe. Gizani hukosewa zaidi mahali pamoja: karibu na kiziwa cha Meall an t-Suidhe, kwenye kimo cha mita 570 hivi. Njia iliyonyooka inakwenda kwenye majabali ya kaskazini. Yako inakata kona kali kulia, kisha inavuka kijito cha Red Burn, ambacho ni maji ya mwisho ya kutegemea. Baada ya hapo ni kona za kupinda-pinda hadi uwanda wa juu, na marundo makubwa ya mawe yanayokuongoza kileleni.

Uwanda huo ndio wenye hatari. Kaskazini kuna korongo la Gardyloo, linaloingia hadi karibu na njia, na majira ya kuchipua ukingo wake huwa na theluji inayoning'inia hewani bila mwamba chini yake. Kusini-magharibi kuna korongo la Five Finger, ambako huishia anayeshuka gizani au ukunguni akielemea kushoto. Dawa yake ni namba mbili, ziandike mkononi kabla hujatoka: kutoka nguzo ya upimaji kileleni, fuata dira kwenye nyuzi 231 kwa mita 150, halafu nyuzi 282 mpaka upite uwanda na kukuta mteremko wa njia. (Milima ya Scotland inayozidi futi 3,000, inayoitwa Munro, nayo ni 282, kwa hiyo haisahauliki.) Nyuzi hizo zinahesabiwa kutoka kaskazini ya ramani; tofauti kati yake na kaskazini ya sumaku siku hizi ni ndogo, iangalie pembeni mwa ramani yako. Mita 150 huzioni kwenye ukungu, unazihesabu. Pima nyumbani mguu wako wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa mita 100. Wengi hupata kama 65, na kwenye mawe huongezeka.

Mawingu yakibaki chini na jua likawa mgongoni, tazama kivuli chako juu yake: huzungukwa na duara za rangi. Mwanafizikia C.T.R. Wilson aliziona hapa Septemba 1894, akajaribu kutengeneza mawingu maabara, na kifaa kilichotokana na majaribio hayo kikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Jipe dakika 20, ukiwa umeshavaa kila ulichobeba. Jasho la kupandia hupoa haraka.

Kabla ya safari jisajili kwa ujumbe wa dharura kwa kutuma neno "register" kwenda 999, maana ujumbe mfupi unaweza kupita mahali simu inapokataa. Ukikwama, piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Waokoaji ni wa kujitolea na hawadai malipo. Filimbi ni milio sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Mwachie mtu njia utakayopita na saa ambayo, asipokusikia, atapiga yeye. Ukifika bondeni, mpigie huyo kwanza.