Maonyesho nendeni, bastola ya kwanza nunueni dukani

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: Mswahili anayeishi Marekani akitaka bastola ya kulinda nyumba yake, akainunue dukani au kwenye maonyesho ya bunduki? Jibu langu ni kwamba maonyesho aende, atazame, ashike, aulize bei. Lakini bastola yenyewe, hasa ikiwa ya kwanza, akainunue dukani. Kama awe nayo au asiwe nayo kabisa, hilo ni lake na watu wa nyumbani kwake, mimi simo.

Ninaishi Tulsa, Oklahoma, kwa hiyo nazungumzia maonyesho ya hapa, yale ya Wanenmacher, yanayofanyika Aprili na Novemba kwenye viwanja vya Expo Square. Wenyeji hujivunia kwamba hakuna makubwa kuliko haya duniani: meza zaidi ya 4,000 chini ya paa moja. Unalipa kiingilio, na kama umekuja na bunduki yako, mlangoni wanahakikisha haina risasi kisha wanaifunga kwa kamba ya plastiki isiweze kufyatuka. Ndani utakuta bastola mpya kwenye maboksi, bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, Mauser za Wajerumani, medali, visu, mikanda ya ngozi, nyama kavu ya kutafuna. Ni mnada wa Jumamosi wenye kila kitu isipokuwa ng'ombe. Robo nzima ya watu hawakuja kununua chochote, wamekuja kusimuliana.

Jambo la kwanza ni kujua nani amekaa nyuma ya meza. Wapo wenye leseni ya serikali kuu ya kuuza silaha, na wapo raia wa kawaida wanaouza vyao: mzee anayepunguza kabati, mjane aliyeachiwa bunduki na mumewe. Mwenye leseni, hata akiwa kwenye maonyesho, anabanwa na sheria ileile inayombana dukani kwake. Bastola hamuuzii aliye chini ya miaka 21, anakujazisha fomu namba 4473, kisha anaomba FBI wakague jina lako. Ukaguzi huo ulitokana na sheria ya 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 1981 katika jaribio la kumuua rais huyo. Mfumo wa kukagua papo hapo ulianza Novemba 1998, na mara nyingi majibu huja ndani ya dakika chache.

Raia anayeuza chake hadaiwi hayo na sheria ya serikali kuu, wala Oklahoma haijaongeza la kwake. Anachokatazwa ni kumuuzia mtu ambaye yeye muuzaji anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kumiliki silaha, na kumuuzia mkazi wa jimbo jingine. Ndiyo maana mmoja atakuomba leseni ya udereva na wa pili atahesabu noti tu. Majimbo mengine yameziba pengo hilo. Colorado walipiga kura kuliziba mwaka 2000, baada ya kujulikana kwamba bunduki tatu kati ya nne zilizotumika kwenye mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999, zilinunuliwa na rafiki wa wauaji kwenye maonyesho, kwa wauzaji binafsi. Rafiki huyo alisema baadaye kwamba kama angetakiwa kukaguliwa asingekubali kuwanunulia.

Nawajua wenzetu wanaoifurahia meza isiyo na fomu, eti serikali isijue. Mimi hofu yangu iko upande wa pili. Siku askari anaishika hiyo bastola na namba yake inaonyesha iliibwa Missouri, utajieleza vipi? Muuzaji humjui jina, risiti huna, na lafudhi yako askari ameshaisikia. Fomu ya dukani inabaki kwa muuzaji, na ndiyo shahidi wako wa ulikoipata.

Fomu yenyewe isomwe taratibu. Inauliza uraia. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, anaandika namba yake ya uhamiaji na kuonyesha kitambulisho chenye anwani anayoishi. Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi. Ipo milango midogo, kama leseni ya uwindaji, lakini asiipite kabla ya kuzungumza na wakili. Inauliza pia kama unatumia bangi, na ile niliyojaza mimi ilikuwa na onyo wazi kwamba ruhusa ya jimbo haikusaidii mbele ya sheria ya serikali kuu. Hilo liwafikie wenye kadi za bangi ya dawa, maana hapa Oklahoma ni wengi mno.

Halafu kuna kucheleweshwa. Majina yetu, akina Ali Mohamed na Juma Hamisi, yanafanana na ya watu elfu, na ukaguzi unaweza kukwama. Siku 3 za kazi zikipita bila jibu, sheria inamruhusu muuzaji akukabidhi, lakini haimlazimishi. Ukiwa umenunua dukani, unarudi Alhamisi. Ukiwa umenunua kwenye maonyesho, Jumapili jioni meza imekunjwa na mwenyewe yuko njiani kurudi mji wake, saa tatu kwa gari. Na akiwa ametoka jimbo jingine, huyo mwenye leseni hawezi kabisa kukukabidhi hapo; ataituma kwa duka la jimboni kwako, ulipie na huduma ya duka hilo. Ile nafuu ya bei ikaishia hapo.

Sasa la ndugu, ambalo gazeti halikuuliza lakini ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Sisi mtu akikwama tunamtoa. Unamwazima gari, unaweka jina lako kwenye mkataba wake wa nyumba, unamchukulia simu kwa mkopo wako. Basi anakuja binamu mkiwa katikati ya ukumbi: “Kaka, makaratasi yangu hayajakaa sawa, shika hizi dola mia tano unichukulie ile bastola ya Glock.” Usishike. Swali mojawapo la ndiyo na hapana kwenye fomu ile linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na ukijibu ndiyo ilhali fedha na bastola ni za mwingine, umeshatenda kosa kabla hamjafika kwenye gari.

Wala usijitetee kwamba unayemnunulia ni mtu safi. Askari mmoja wa zamani wa Virginia, Abramski, alimnunulia mjomba wake Glock kwa sababu yeye angepata punguzo la askari. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki bastola, na mjomba aliipokea kupitia muuzaji mwenye leseni huko Pennsylvania, akakaguliwa na akapita. Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 2014, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kosa ni kosa: alidanganya kwenye fomu. Tangu 2022 kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kuna kifungu chake, na kifungo kinaweza kufika miaka 15. Kwa mwenye kadi ya kijani hesabu haiishii gerezani, kwa sababu hatia ya silaha inaweza kumrudisha alikotoka. Zawadi ya kweli, kwa fedha yako mwenyewe na kwa mtu anayeruhusiwa, haikatazwi. Binamu mwenye dola mia tano mkononi haombi zawadi.

Turudi kwenye kuchagua. Kwenye maonyesho unashika lakini hufyatui, na bastola haijulikani kwa kushikwa tu. Nilikwenda na shemeji yangu, muuguzi wa zamu ya usiku, na karibu kila meza walimtolea kabastola kadogo, kamoja ka rangi ya waridi, kwa kuwa ni mwanamke. Nyepesi, inaingia mkobani, ndiyo maneno yao. Hawakumwambia kwamba bastola ndogo nyepesi inapiga teke mkononi kuliko nzito inayotumia risasi hiyohiyo, na kwamba mtutu mfupi humwadhibu anayejifunza kulenga. Wiki iliyofuata alikwenda kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha, akajaribu aina mbalimbali, akaishia kupenda kubwa kuliko zote, inayotumia risasi za milimita 9. Ameinunua palepale, pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli, maana ana mtoto anayepanda kila kabati.

Bei? Mpya haina tofauti kubwa na ya dukani. Mwenye meza naye amelipia meza, mafuta na hoteli. Iliyotumika ndipo penye kupatana, na hapo omba ruhusa kwanza, uelekeze mtutu chini, uvute kitelezi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, umulike ndani ya mtutu kwa tochi uone kutu na mikwaruzo. Skrubu zilizochubuka vichwa zinaonyesha kuna fundi wa nyumbani aliyepita hapo. Uliza kama atakurudishia fedha ikiwa mbovu. Atacheka, lakini uliza.

Mimi Novemba nitakwenda tena, kwa ajili ya visu na risasi za mazoezi, ambazo kwa boksi kubwa huwa nafuu. Anayekuja avae viatu vya kutembelea, na aje Jumapili baada ya saa nane mchana, wauzaji wanapoanza kufikiria uzito wa kurudisha mzigo kwenye gari.

Msomaji wenu, Tulsa, Oklahoma