Jibu: Mama muuza mboga anaumwa kiuno. Je, mkao wake ndio chanzo?

Dada uliyeanzisha uzi huu, pokea salamu, na umfikishie mama pole zangu. Umeeleza kwamba mama yako ana umri wa miaka 52, ana kibanda cha mboga Kangemi, Nairobi, huamka usiku wa manane kwenda soko la Marikiti kununua mali, na kwamba kwa miezi kadhaa kiuno kimekuwa kikimuuma, hasa asubuhi na kila anapoinua mzigo. Majirani na jamaa wamemshauri akae wima, avae mkanda wa mgongo, apigwe picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) na aache kabisa kubeba vitu. Wewe umeuliza kama kweli mkao mbaya ndio uliomletea maumivu, na kama hana budi kuiacha kazi inayowalisha. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimefanya kazi miaka mingi katika zahanati za upande wa Eastlands, na wagonjwa wangu wengi ni wapagazi, washonaji, madereva wa matatu na akina mama wa soko. Nitajibu kwa urefu, kwa kuwa naona watu wa jiji hili wakipoteza fedha na nguvu kwa kuhukumu mgongo kwa sura yake, ilhali kinachopasa kupimwa ni mzigo unaoubebeshwa, umbali wa mzigo huo kutoka mwilini, na muda ambao mgongo hupewa kujirudishia nguvu.

Ushauri wa kukaa wima haukuzuka hewani. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alianza kupima kanieneo, yaani nguvu ya mkandamizo, ndani ya diski za kiuno, ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, kwa kuingiza sindano maalumu katika diski za watu walio hai, na matokeo yake yalionyesha kwamba kuketi bila kuegemea kunaikandamiza diski kuliko kusimama. Kutokana na vipimo hivyo mafundisho mengi ya mkao yakajengwa, na walimu wangu pia walitufundisha hivyo. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walirudia kazi hiyo kwa kifaa cha kisasa zaidi, kilichobaki ndani ya diski ya mtu mmoja mwenye afya kwa takriban saa 24 huku akiendelea na shughuli za kawaida. Akisimama tu, kanieneo lilikuwa 0.5 kwa kipimo cha megapaskali. Akiketi bila kuegemea lilikuwa 0.46, akijikaza kuketi wima kabisa likapanda hadi 0.55, na alipojilegeza akaegemea kitini likashuka hadi 0.27. Huyo alikuwa mtu mmoja, na haifai kumfanya kipimo cha wanadamu wote, lakini tofauti kati ya mikao hiyo ni ndogo mno kuweza kubeba lawama zote tunazoutwika mkao.

Sasa linganisha na kuinua mzigo. Mtu huyohuyo alipoinua kreti la kilo 20 akiwa ameukunja mgongo, kanieneo lilifika megapaskali 2.3. Alipokunja magoti likawa 1.7. Aliposimama ameushika mzigo huo karibu na kifua likawa 1.1 tu, na alipousogeza mbele sentimita 60 kutoka kifuani likapanda tena hadi 1.8. Tazama hapo, dada: uzito haukubadilika hata gramu moja, lakini umbali peke yake uliongeza mkandamizo kwa zaidi ya asilimia 60.

Sababu yake ni kanuni ya nyenzo tuliyosoma shuleni. Pingili za kiuno ndizo egemeo. Misuli inayounyoosha mgongo iko nyuma ya egemeo hilo kwa umbali mdogo sana, kama sentimita 5, ilhali mzigo ulio mikononi unaweza kuwa sentimita 50 mbele yake. Kilo 10 za viazi zikishikwa kwa umbali huo, misuli inalazimika kuvuta kwa kani inayokaribia uzito wa kilo 100 ili mzigo usianguke, na diski iliyo katikati inabanwa na kani hiyo, na mzigo wenyewe, na uzito wa kiwiliwili, vyote kwa pamoja. Viazi hivyohivyo vikivutwa hadi sentimita 25, kazi ya misuli inapungua kwa nusu. Kwa hiyo ninapomwangalia mama wa soko akifanya kazi, jambo la kwanza ninalolitafuta ni umbali. Je, gunia liko upande wa pili wa meza, akalazimika kulifikia kwa mikono iliyonyooka? Je, mali iko chini, nyuma ya ndoo, mahali ambapo hawezi kusogeza miguu yake karibu? Ukiyarekebisha hayo, mara nyingi mgongo unajipanga wenyewe bila kuamrishwa.

Kuna jambo jingine katika maelezo yako ambalo wengi waliochangia wamelipita, nalo ni saa. Diski zina maji mengi, na tunapolala bila uzito juu yake hunyonya maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana kila mmoja wetu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Katika vipimo vile vya Ulm, kanieneo la mtu aliyelala lilipanda usiku kutoka 0.1 hadi 0.24 bila yeye kufanya lolote. Diski iliyojaa maji hivyo hukataa kukunjwa, na mkazo unaoipata mtu anapoinama alfajiri ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa baadaye mchana. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waliofundishwa kuepuka kuinama katika saa za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yao yalipungua. Mama yako huamka, huoga, huinama kufunga viatu, huketi ndani ya matatu akiwa amebanwa, kisha hushuka na mara moja anainua mali. Kwa mgongo, hiyo ndiyo ratiba ngumu kuliko zote. Siwezi kumwambia aende Marikiti saa nne asubuhi, kwa sababu mboga nzuri zitakuwa zimekwisha. Lakini anaweza kuamka mapema kidogo zaidi, akatembeatembea na kufanya kazi za nyumbani akiwa wima, akaketi juu ya kitanda kuvaa viatu kwa kuinua mguu kuja kwake, na sokoni akawaacha vijana wa mkokoteni wafanye ule uinuaji wa kwanza.

Umetaja pia kwamba yeye hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama alivyofundishwa na nyanya yake, na kwamba mtu fulani alikuambia mtindo huo ni wa kizamani na ndio uliomharibu. Hapa naomba nimtetee nyanya. Utafiti maarufu kuhusu suala hili ulifanyika hapahapa kwetu. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni waliyotumia wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kichwani. Walionyesha kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu, jambo ambalo watu wasiozoea hawaliwezi. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza siri yake: mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka mithili ya pendulamu iliyopinduliwa, na wanawake hao, wakishapewa mzigo, huhamisha nishati kati ya kupanda na kwenda mbele bila kupoteza nyingi kama wanavyopoteza watu wengine.

Nakusihi, hata hivyo, usiutumie utafiti huo kupita mipaka yake. Kilichopimwa pale ni matumizi ya nishati, na diski za shingo na kiuno hazikupimwa. Tena ile nafuu inaishia kwenye asilimia 20, na baada ya hapo gharama hupanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Ikiwa mama ana kilo 70, asilimia 20 ni kilo 14. Ninachokichukua kutoka kwenye utafiti huo kama mtabibu ni kwamba mwili uliozoeshwa tangu ujana hujifunza ufundi ambao hakuna kiti wala mkanda wa dukani unaoweza kuununua, na kwamba kumnyang'anya mama ufundi huo ghafla, kwa jina la mkao sahihi, ni kumdhoofisha.

Kuhusu mkanda wa mgongo sitasema mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo, na haupendekezi kuvutwa mgongo kwa mashine wala dawa za kundi la opioidi, yaani dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza uvimbe kwa wanaozihitaji. Fedha za mkanda zilipieni mkokoteni.

MRI inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu nimeona picha hiyo ikiwaumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti zilizowapiga picha watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 50, asilimia 80 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 60 walikuwa na diski zilizotokeza. Kwa hiyo mama yako akipigwa picha leo, yamkini ataambiwa diski zimechakaa, na itakuwa kweli, na bado hatujajua kinachomuuma. Nakumbuka mpagazi mmoja aliyeletwa kwetu na mkewe akiwa na ripoti ya namna hiyo mkononi. Mahali fulani alikuwa ameambiwa kwamba diski imetoka na asiiname tena maishani, naye akatii kwa moyo wote: alikuwa amelala kitandani wiki nyingi, mapaja yamekonda, na hakuweza kufunga kamba za viatu kwa hofu. Mgongo wake ulikuwa na uwezo wa kufanya mengi, ila ulikuwa umenyimwa kazi hadi ukadhoofu.

Tiba tuliyompa ndiyo ninayompendekezea mama, kwa uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu nanyi. Tulianza na mtungi wa maji wa lita 5, ambao ukijazwa una kilo 5, ukiwa juu ya kreti ili asiiname sana. Aliusogelea hadi ukagusa miguu yake, akauinua, akaushusha polepole, mara chache, kisha akapumzika. Maumivu madogo yaliyotulia kufikia kesho yake hatukuyaogopa. Yaliyodumu na kuongezeka yalituambia tupunguze. Aliposhika vizuri tukaondoa kreti, halafu tukaongeza maji, halafu tukahamia mtungi wa lita 10, na baada ya miezi kadhaa ule wa lita 20. Kati ya siku za kuinua alitembea, kila siku zaidi kidogo. Mfupa, misuli na kano hujijenga kufuatana na mzigo unaopewa kwa kiasi na kuachwa upone, na ndiyo sababu nasisitiza kupanda ngazi moja moja. Yule mpagazi alirudi kusukuma mkokoteni. Gunia halibebi tena peke yake, na hilo tulikubaliana naye waziwazi.

Maana lipo pia suala ambalo zoezi haliwezi kulimaliza. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hutumia kilo 23 kama kikomo cha kuinua katika hali bora kabisa, yaani mzigo ukiwa karibu, kwenye kimo kizuri, bila kujipinda. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na hata kikomo hicho, ambacho ni zaidi ya mara mbili ya kile cha NIOSH, wengi wetu tunajua jinsi kinavyopuuzwa. Mama akinunua gunia, ligawanywe sokoni palepale katika mifuko midogo kadhaa kabla halijaguswa na mgongo wake. Kibandani, meza ya kukatia sukuma wiki iinuliwe hadi kufikia kiwiko chake akiwa amesimama, na ndoo za maji zisikae sakafuni nyuma ya mali. Akichoka kusimama aketi, akichoka kuketi asimame, wala asijilaumu akijikuta amejilegeza.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni hana dalili zinazohitaji daktari haraka. Akipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikilegea, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito bila sababu, aambiwe daktari mapema, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo na bado kipo miongoni mwetu. Vivyo hivyo kama aliwahi kuugua saratani, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka. Katika hali hizo picha ina maana na haifai kucheleweshwa.

Ukipata nafasi, tuandikie hapa mambo matatu: maumivu yanaishia kiunoni au yanashuka mguuni kupita goti, mzigo wa kawaida anaoubeba ukipimwa una kilo ngapi, na kutoka kituo cha matatu hadi kibandani anatembea umbali gani akiwa nao mgongoni. Nikiyajua hayo nitaweza kukueleza aanze na mtungi wa lita ngapi.